Hodi ya Kisima cha Gesi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Kisima chetu cha gesi kule Ras Kisimani kinachoka. Gesi inapanda polepole mno, haina tena nguvu ya kuyabeba maji, basi maji yanarudi chini na kujikusanya. Yakijaa, gesi imezibwa — na umeme wa hapa kwetu Baleni, unaotokana na gesi hiyo, ndio basi. Programu yangu ya kompyuta inasema kitajaa Jumamosi. Bosi Taufiki kacheka. Kwa hesabu zake ni mpaka Desemba, nisitie watu kiwewe. Kiwewe! Mama yangu anapumua kwa mashine ya oksijeni, mpira puani, na mashine inakula umeme huo huo.

Jumatano, 10 Septemba
Bomba limeanza kugonga. Ngo, ngo. Kimya. Ni mafungu ya maji: gesi inayarusha juu, yanaanguka tena. Nilitarajia hilo. Lakini Shaibu, mlinzi wetu, akaitikia "Karibu!" bila kufikiri, kisha akaduwaa. Kwetu, kama humwoni anayebisha, hodi haiitikiwi kabla ya ya tatu. Binadamu hubisha mara tatu, wale wengine huishia mbili, na ukiwaitikia umeshawakaribisha. Nikamcheka. Mchana kweupe, Shaibu! Hakucheka.

Alhamisi, 11 Septemba
Taufiki kakubali shingo upande tutie sabuni. Vijiti vinene, unavidondosha kisimani, maji yanageuka povu, yanakuwa mepesi, gesi inayatoa. Shaibu alisimama mbali, akauliza tunamwosha nani. Nikamkaripia — neno gani hilo, kama tuna maiti!

Povu halikupanda. Tukatia tena. Wapi! Bomba likagonga mara mbili tu, nami nikajikuta nimebana midomo, naingoja ya tatu. Mimi, na digrii yangu. Nimeagiza mtungi wa oksijeni kutoka Dar. Boti ni Jumapili.

Jumamosi, 13 Septemba
Jua la utosi. Shaibu kapiga simu: kisima kimya, hakigongi tena. Nikafurahi kidogo, halafu nikakumbuka. Kikinyamaza ndio kimejaa. Taufiki hapokei simu. Sijawahi kuomba hesabu yangu iwe makosa kama leo. Naogopa.

Feni inazunguka kivivu. Mashine ya Mama inakoroma kwa shida.

Ngo, ngo.

Si mlangoni, nimetazama. Uani hamna mtu. Ras Kisimani ni mbali, hakuna bomba linalopita nyumba hii. Inatoka chini ya sakafu, upande wa kitanda.

Mama kafungua macho. Mwanangu, anasema, mbona humwitikii mgeni? Nimemwambia angoje, ya tatu bado. Anasema ni aibu kumwacha mtu juani, yeye hakulelewa hivyo. Akavuta pumzi aitikie.

Naandika kwa mkono mmoja. Kwa wa pili nimemziba Mama mdomo.

Mashine imezimika. Pumzi yake inanichoma kiganjani, anataka kufungua mdomo, ananisukuma — ana nguvu leo!

Ya tatu bado.