Mrija Nilioukataa

Jumatatu, 1 Julai 2013. Kasulu.

Nimefagia uwanja. Nimemwagilia mchicha. Nimesikiliza taarifa ya habari na kumsahihisha mtangazaji kwa sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Nakiomba radhi kitabu hiki. Sijaandika tangu mahindi yalipovunwa. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na kazi nyingi. Sikutaka kuiona hasira yangu ikiwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Hasira yenyewe inamhusu Lazaro, mdogo wangu. Alikuja kunisaidia kuvuna. Jioni moja alisema, mbele ya binti yangu Edina, kwamba mtu ameletwa duniani afurahi, na mengine yote ni maandalizi tu. Nilimjibu kwamba ikiwa raha ndiyo shabaha ya maisha, basi mbuzi amefaulu kutushinda sote. Hoja ilikuwa nzuri. Lazaro akasema, "Kaka, mbuzi wa kwako hajafaulu. Umemfunga kamba fupi." Edina alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Nilikuwa sijamaliza kueleza.

Alhamisi, 4 Julai.

Baridi ya asubuhi imezidi. Watu wanachoma mashamba, moshi umeshuka mpaka barabarani.

Edina amenikumbusha kuhusu wageni. Watakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Kibondo kumposa rasmi. Kijana anaitwa Dezire. Anauza maharage na ana pikipiki mbili. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani wakiwa wakimbizi; sasa ni raia, wana shamba na nyumba ya bati. Sina neno juu yake. Anaamkia vizuri. Edina ana umri wa kutosha, na tangu mama yake afariki amenitunza mimi badala ya kujitunza mwenyewe.

Nimeuliza kama Lazaro amealikwa. Edina amesema, "Baba, sherehe bila Baba Mdogo itakuwa kikao."

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Nimeongoza vikao maisha yangu yote.

Ijumaa, 12 Julai.

Lazaro amefika na baiskeli yake, ndoo ya asali nyuma, jicho moja limefumba kwa kuumwa na nyuki. Alisoma mpaka darasa la nne. Hana sofa. Hana akiba. Ana mizinga porini, na kila anapopita watu wanatoka ndani kumwamkia. Asubuhi hii nilisikia "Mwakeye! Mwakeye!" tangu huko chini kwenye migomba, wanawake wakipiga makofi ya salamu, na nikajua ni yeye. Mimi nimefundisha nusu ya watu wa mtaa huu kusoma. Wananiamkia vizuri, kisha wanapita.

Baada ya chakula alinieleza desturi ya wageni wetu. Huja na mtungi wa pombe ya mtama na mirija mirefu. Mtungi huwekwa katikati. Baba wa binti akipokea mrija, amekubali. Akiukataa, amekataa ndoa. Hapo hakuna maneno zaidi, wageni hubeba mtungi wao na kuondoka.

"Hunywi, Kaka, hilo najua. Usinywe. Gusa kwa midomo, halafu nipe mimi. Nitakunywa kwa niaba ya ukoo mzima, na waliokufa pia."

Edina alicheka tena. Nilisema nimeelewa.

Naandika hapa kwa makusudi: nilisema nimeelewa.

Jumamosi, 13 Julai.

Wameondoka na mtungi wao.

Nitaeleza kwa utaratibu. Walifika saa nne, wamejaa vumbi jekundu la barabara ya Kibondo mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa mlangoni, nimevaa koti. Lazaro alikuwa tayari yupo barabarani, anapokea mizigo, anawashika mikono, anawauliza ng'ombe wao wameamkaje. Tulipoketi walikuwa wamekwisha kuwa watu wake.

Mshenga alikuwa mzee mwembamba mwenye Kiswahili cha Kirundi. Nilisikiliza makosa yake ya sarufi kwa bidii nyingi kiasi kwamba nilipoteza alichokuwa akisema. Kisha akasimama, akachukua mrija wa kwanza, akaupangusa vizuri kwa kitambaa, akampelekea Lazaro.

"Baba wa binti, karibu."

Edina alitazama chini. Lazaro alinyanyua mikono yote miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, akasema, "Mzee wangu, umepotea njia! Mwenye binti ni huyu hapa. Mimi ni mwenye kiu."

Walicheka wote. Hata Dezire. Kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya wowote. Mzee akaomba radhi, akaniletea mrija. Ncha yake ilikuwa inatazama kifuani kwangu.

Niliusukuma kwa mkono. Nikasema, "Mimi situmii."

Mzee alirudia kunipa, taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine sentensi ili aisikie vizuri. Nikasema tena, "Nimesema situmii."

Wakainuka. Hawakufoka. Mama yake Dezire alifunga kanga yake upya, akaniaga kwa heshima. Vijana wawili walibeba mtungi. Haukuwa umepungua.

Jumapili, 14 Julai.

Sikwenda kanisani. Kichwa.

Nimetetea msimamo wangu. Sijawahi kuonja pombe. Wanafunzi wangu wote wanajua hivyo. Mtu hawezi kuacha kanuni za maisha yake kwa sababu wageni wamekuja na mirija. Ikiwa ndoa inasimama juu ya mtungi, ni afadhali ianguke mapema.

Nimeisoma aya hiyo mara kadhaa. Haina kosa la lugha.

Jumatano, 17 Julai.

Edina anaamka mapema, ananiamkia, ananiwekea uji, anakwenda kazini kwenye duka la vitenge. Jioni ananiwekea ugali. Hasemi neno lisilo la lazima. Mshenga ametuma ujumbe kwamba wamelisikia jibu langu na wanaliheshimu. Dezire hapokei simu.

Mchana nilipita dukani, nikitumaini nitamwona akiongea na wateja. Alikuwa anakunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Bagamoyo, alikuwa amekaa kivulini, midomo imekauka kwa funga. Nilimpa pole. Akacheka.

"Pole ya nini, Mwalimu? Hii njaa ndiyo inayoipa tende ladha. Ile ya kwanza magharibi, wallahi, harusi haifui dafu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Siku zote nimedhani watu wako makundi mawili: wenye wajibu na wenye raha. Mimi nimo katika la kwanza, Lazaro katika la pili. Yule mzee anashika wajibu kuliko mimi, na jioni anafurahi kuliko Lazaro. Sijui nimweke wapi.

Nilipofika Edina alikuwa bado hajarudi. Nikamkasirikia pia.

Jumamosi, 20 Julai.

Nitaandika wazi. Hakuna mwingine atakayesoma.

Sikuukataa mrija kwa ajili ya pombe. Niliukataa kwa sababu ulipelekwa kwa Lazaro kwanza. Katika nyumba yangu, mbele ya binti yangu, mgeni alitazama watu wawili na akaona baba ni yule.

Na hakuwa wa kwanza kuona hivyo. Marehemu mke wangu, alipokuwa amelazwa, mimi nilipeleka chakula, nilipeleka dawa, nilipeleka shuka safi. Sikukosa siku. Lazaro alikuja mara moja tu, mikono mitupu, akamsimulia jinsi nyuki walivyomfukuza mtoni na suruali ikabaki mtini. Mke wangu alicheka mpaka muuguzi akaja kututuliza. Sikumbuki kama mimi niliwahi kumchekesha. Nilikuwa nimesimama pale na sufuria mkononi, nikamchukia mdogo wangu.

Nimekuwa nikisema kwamba furaha yake ni upuuzi. Lakini mtu hamwonei mwenzake wivu kwa kitu ambacho hakitaki. Sijawahi kumwonea wivu mtu mwenye kikohozi. Basi nilichokuwa nikikidharau kwa hoja zote hizi nilikuwa nakitaka. Huo ndio ushahidi wangu dhidi yangu mwenyewe, na siwezi kuupinga.

Sijasema kwamba Lazaro yuko sahihi. Raha si shabaha. Bado naamini hivyo. Mwaka mzima huyo mtu hupanda miti kwenye mizinga, huumwa na nyuki, hulala porini na moshi machoni, ndipo apate ndoo moja ya asali. Huo si uvivu. Halafu ndoo yenyewe huigawa. Sijui basi shabaha yake niiite nini. Na hata mimi nina raha yangu: kuwa sahihi. Nimeila peke yangu maisha yote, na haijawahi kumshibisha mtu mwingine.

Lazaro amekuja jioni. Hakunilaumu, jambo ambalo limeniudhi. Amesema atakwenda Kibondo kesho kutwa. Wale watu wanampenda. Akiomba mtungi urudi, utarudi. Atawaambia nilikuwa naumwa siku ile, homa ilinipanda kichwani.

Nikasema, "Hutadanganya kwa ajili yangu."

"Basi twende wote, ukaseme ukweli mwenyewe."

"Ukweli upi?"

Alinitazama kwa lile jicho lililopona nusu. "Huo huo unaokufanya uninunie tangu tukiwa watoto, Kaka."

Kumbe alijua. Miaka yote hii. Na aliendelea kuja.

Jumapili, 21 Julai.

Nimekwenda kanisani. Nimeimba kwa sauti ya chini.

Mambo ni mawili. Lazaro akienda peke yake, Edina ataolewa, nami nitabaki na kanuni zangu. Ila watakaporudi mrija utapelekwa kwake, na safari hii hautakuwa umepotea njia. Nikienda mimi, sharti niketi mkekani kwenye uwanja wa watu, niombe niletewe mtungi nilioufukuza, na niseme sababu mbele ya Lazaro. Nimesimamia mitihani ya taifa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jioni Edina amepiga pasi shati langu jeupe. Sikumwomba. Amelitundika kwenye kiti cha chumbani kwangu, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Usiku mwema, Baba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nimeisikia sana.

Lazaro atapita alfajiri. Amesema hatabisha hodi. Akinikuta nimevaa, tutakwenda kituo cha basi pamoja, asiponikuta, atakwenda.

Aliacha kipande cha sega mezani. Nimekula kidogo kwa kidole, nikiwa nimesimama, kama mwizi. Ni tamu. Sina la kuongeza.

Shati liko kitini. Nitakapojua kama limetoka nje ya mlango huu nami ndani yake, nitaandika.