Mafuta Haya Sitayamwaga

Landhi za Reli,
Stesheni ya Voi.
Jumanne, 14 Septemba 1954.

Kwa Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na Baba na wote wa hapo Mgange. Mguu unaendeleaje? Obadiah ameniambia bado unakusumbua ukipanda kutoka mtoni, na kwamba fimbo uliyochongewa umeitundika ukutani kama picha. Mama, ishike hiyo fimbo. Kuhusu sisi huku, tuko wazima, ila vumbi la Voi mwezi huu tunalila pamoja na ugali. Gibson yuko kazini, wiki hii zamu yake ya kubadilisha njia za reli ni ya mchana. Stephen amepona kikohozi na sasa anakimbia uchi landhi nzima, nyumba hadi nyumba za watu wa reli. Phineas amefikisha miezi sita, ana meno mawili, na ananiuma nayo. Mimi nimechoka. Sitakuficha hilo. Nikikaa chini kumenya kiazi, nasinzia kabla hakijaisha. Lakini mwili hauna ugonjwa na moyo wangu umenyooka.

Utaona nimeandika herufi kubwa na kuacha nafasi, kama za kile kitabu mlichosomea darasa la ubatizo. Nimefanya hivyo makusudi. Nataka uisome mwenyewe, pole pole, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe mtu akusomee.

Ujumbe wako nimeupata. Obadiah alipoleta ndizi sokoni Alhamisi, alipita hapa, akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake, akakataa hata chai. Nikajua amebeba neno zito. Mwishowe akalitoa lote kwa pumzi moja, kwamba wewe shangazi yake umesema niyamwage haya mafuta mazuri ninayojipaka, na nisipoyamwaga, hushuki Voi kwa ubatizo wa Phineas. Akishasema, akavuta hewa puani mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini yanauzwa duka gani. Nilicheka, Mama, nisamehe. Halafu alipokwenda nililia, maana mtoto wangu kubatizwa bila wewe kusimama hapo ni jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Sasa nipe nafasi nikueleze mafuta yenyewe, kwa sababu unahukumu kitu ambacho pua yako haijakutana nacho.

Wahindi huyaita khas. Yanatoka kwenye mizizi ya majani marefu ambayo juu ya ardhi huwezi kuyathamini, ungesema ni ya kulisha ng'ombe tu. Yako ndani ya kichupa kidogo kama kidole changu cha mwisho, rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Unapaka tone moja tu. Likigusa ngozi, kitu cha kwanza ni ubaridi. Unasikia kama mtu amekata majani mabichi karibu yako asubuhi, umande ukiwa haujakauka, na kwa mbali kama ganda la ndimu limebanwa. Hapo ndipo ninapoamka, Mama. Nimekesha na meno ya Phineas, macho yamejaa mchanga, lakini tone lile likinigusa shingoni ni kama nimenawa uso kwa maji ya kule juu kwetu.

Ukishawasha jiko na mwili ukapata joto, yanabadilika. Yanakuwa na ukali kidogo wa tangawizi na pilipili manga, ukali unaochezea pua bila kuichoma. Wakati huo nakuwa nimebeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni, jasho linanitoka, na badala ya kunuka jasho nanukia kama jikoni kwenye harusi. Halafu kuanzia mchana mpaka jua linatua inabaki harufu ya mti. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kuokota kuni kando ya msitu wa Ngangao, ukavunja tawi, ukaninusisha? Ndiyo hiyo. Mti, na chini ya mti udongo mweusi uliochimbuliwa sasa hivi, mzizi ukiwa bado na unyevu. Huku Voi udongo ni mwekundu na hauna harufu ila ya joto. Mimi nayapaka nashinda nimebeba vilima vya kwetu mwilini. Basi mtu akiniambia natembea nimenukia kama mwanamke asiye na adabu, namshangaa. Nanukia kama shamba lako.

Lakini najua kilichokuudhi ni kile walichokwambia kuhusu nilikoyatoa. Nitakiandika wazi, ili tusizungukane.

Hapa Voi mtu aliyejulikana kwa harufu hii ni mmoja tu, Abdulghani, mwenye duka la nguo na vyakula karibu na stesheni. Ni Mwislamu wa pwani. Kila Ijumaa akivaa kanzu yake kwenda msikitini, barabara nzima inajua amepita. Kisha mwezi wa saba mkewe, Saadiya, akashikwa na homa ya matumbo, akapelekwa Mombasa hospitali kwa treni akiwa amelazwa kwenye godoro. Na ni baada ya hapo ndipo mimi nilianza kunukia kama Abdulghani, na watu wakaniona naingia kwake kwa mlango wa nyuma, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mama, ukiziweka hizo tatu pamoja, hata mimi ningejisema vibaya.

Gertrude, kiongozi wetu wa akina mama kanisani, ndiye aliyeanza maneno. Jumapili moja alikaa benchi la nyuma yangu, akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kunong'ona inayofika madhabahuni, kwamba anaona wiki hii Ijumaa imeangukia Jumapili. Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Kule mferejini tunakochota maji wakanipa jina la Mama Duka. Nikifika na debe langu, mmoja anasema mpisheni Mama Duka, yeye hana haja ya foleni, atapimiwa. Nilikuwa nachota maji yangu, naondoka nimenyoosha shingo.

Gibson naye walimfuata stesheni. Mwenzake wa zamu alimuuliza kama bado ana mke au amemwazima mtu. Gibson akamjibu kwamba yeye hana wasiwasi, tatizo lake ni moja tu, siku hizi akiingia nyumbani kutoka kazini anataka kuagiza kilo mbili za sukari. Mume wangu amejua kila kitu tangu siku ya kwanza, nataka ulijue hilo kabla hujaendelea. Hakuna hatua niliyopiga bila yeye.

Nilinyamaza kwa sababu niliombwa kunyamaza. Aliyeniomba ni Bi Mwanamvita, mama yake Abdulghani, mtu mzima wa rika lako. Alisema mtu ambaye jambo hili linamhusu zaidi yuko kitandani hospitalini, na si haki alisikie kutoka barabarani kabla ya kulisikia kwa watu wake. Nikaona ana haki. Nikampa neno langu. Jumamosi iliyopita Saadiya amerudi, na sasa neno limenitoka mkononi, naweza kukwambia.

Mama, nimekuwa nikimnyonyesha mtoto wa Saadiya.

Soma tena, ndivyo nilivyoandika. Alipopelekwa hospitali, Saadiya aliacha kitoto cha kike cha wiki saba, Rukia, na daktari alikataza asipelekwe karibu na mamake. Bi Mwanamvita akajaribu maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, akajaribu maziwa ya mkebe kwa kijiko. Yote mtoto aliyatoa, juu na chini. Mimi sikujua. Nilikwenda dukani kununua chumvi, Phineas akiwa mgongoni, nikasikia kutoka nyuma ya pazia kilio ambacho si kilio, kama mtoto wa paka aliyetupwa. Kabla sijafikiri lolote, maziwa yakanitoka yenyewe yakalowesha gauni. Nilisimama pale mbele ya mizani, kifua kimelowa mbele ya mwanamume, sijui niseme nini. Abdulghani akageuka akaangalia ukuta. Akasema tu, Mama Stephen, mamangu yuko ndani.

Nilikuta utosi wa mtoto umebonyea. Ngozi yake ukiibana inabaki imesimama. Wewe umezaa tisa na umezika wawili, unajua maana yake. Nilimwomba Bi Mwanamvita ruhusa, nikamweka kifuani.

Akanikataa. Aligeuza uso, akajinyoosha mgongo kama kipande cha ubao, akalia kile kilio chake kidogo. Nilijaribu ziwa hili na lile. Nilinuka moshi wa makaa ya treni na sabuni ya kipande, na zaidi ya yote nilinuka mtoto mwingine. Nilikuwa mtu baki. Bi Mwanamvita alinitazama, kisha akainuka, akaleta kile kichupa. Ni mafuta ya nyumba yao yote. Saadiya akiyapaka shingoni tangu alipojifungua, Abdulghani kwenye kanzu, bibi kwenye leso anayomfunikia mtoto. Akanipaka tone chini ya koo na moja mfupani hapa begani, mbali na ziwa, akapangusa vidole vyake kwenye pindo la leso yangu. Kisha akamrudisha.

Rukia alinyamaza. Pua yake ikacheza. Akazika uso wake hapa kwenye koo langu, akakaa hivyo kwa muda, akiwa amefumba macho, halafu akashuka mwenyewe akitafuta. Alipopata alivuta kwa nguvu ambazo sikuzitegemea kabisa, kile kitoto kilichokuwa kinakufa. Bi Mwanamvita aliketi sakafuni akafunika uso. Mimi nililia na Phineas mgongoni akalia pia, kwa wivu nafikiri.

Tangu siku hiyo nimekwenda mara tatu kwa siku, na usiku mtoto akawa anapewa maji ya wali. Baadaye Gibson akasema huo ni ujinga, alale hapa kwetu, na mara nyingine amelala. Wiki nane, Mama. Phineas hakupungukiwa, utamwona mapaja yake. Mimi ndiye nilipungua, nguo zinanizunguka. Abdulghani alitaka kunipa kitambaa cha gauni nikakataa, kwa sababu nilitaka siku ya leo niweze kukwambia kwamba sikuchukua kitu ila hiki kichupa, nacho nilipewa kwa kazi hii ya kunyonyesha.

Najua kwetu maziwa ya mtu hayagawanywi hovyo. Najua pia utauliza kuhusu dini. Bi Mwanamvita ameniambia kwamba kwao sasa Phineas na Rukia wamekuwa ndugu wa kunyonya, hawawezi kuoana kamwe. Nikamwambia asiwe na hofu, hata kasisi wetu asingekubali. Tulicheka mpaka mtoto akashtuka.

Saadiya alishuka kwenye treni Jumamosi, amekonda, nywele zimekatwa. Walimpa mtoto, na mtoto akalia, akamkataa. Alinuka dawa za hospitali. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na Rukia akanyoosha mikono kwangu. Nilitamani ardhi inimeze. Uso wa Saadiya sitausahau. Nilitoa kichupa kwenye leso, nikamkalisha, nikampaka mwenyewe, tone chini ya koo na tone begani, vile vile nilivyopakwa, nikamwekea mtoto hapo. Tulingoja. Rukia akalia, akapunguza, akanusa. Akalala kwenye shingo ya mamake. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, Mama. Katika yote niliyofanya Voi, najivunia hilo kuliko lingine lolote.

Maziwa ya Saadiya yamekauka, kwa hiyo bado nanyonyesha, lakini sasa yeye ameketi karibu nami ameshika mguu wa mtoto. Alipojua ninavyoitwa kule mferejini, jana asubuhi aliamka, akanishika mkono, tukaenda naye hivyo hivyo akiyumba, Rukia mgongoni kwake. Wanawake wote walikuwepo. Alimwamkia Gertrude vizuri, maana ni mkubwa wake, kisha akasema kwamba mtoto wake ana mama wawili, na anayetaka kujua mafuta haya yamefuata nini kwangu mimi Wakesho, asogee amnuse mtoto. Hakuna aliyesogea. Gertrude alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akaondoka na kusahau debe lake chini ya maji, likafurika. Hajaniomba radhi na sijui kama ataniomba. Nitamsalimia kama kawaida.

Basi jibu langu ni hili, na ninalitoa kwa adabu zote. Mafuta haya sitayamwaga. Jumapili ya tarehe 26, siku ya ubatizo, nitayapaka, nitakaa benchi la mbele, na wenye pua wanuse. Mtoto akishaachishwa ziwa, labda nitayaweka. Labda sitayaweka, kwa sababu nimeyapenda.

Njoo, Mama. Obadiah atakushikia kiti cha mbele kwenye lori la mboga Jumamosi ya tarehe 25. Na unapofunga mzigo wako, usilete mbeleko moja, lete mbili. Tutambatiza mmoja tu, lakini wote wawili watataka kubebwa na bibi yao.

Msalimie Baba, mwambie tumbaku yake nimeipata na itakuja na Obadiah. Gibson anakuamkia, na Stephen amechora huo mstari pembeni ya karatasi, anasema ni wewe na fimbo yako. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Wakesho, mama Stephen