Sauti Zetu Katika Kanda ya Wilfred Ashurst

Mwaka umetimia Jumanne hii, Baba, tangu ulipotutoka, penseli yako ikiwa bado mezani juu ya karatasi ulizokuwa ukizisahihisha.

Ulikuwa mpima maji wa mji wetu wa Haslow, ukajifundisha mwenyewe kuandika tamthilia za televisheni. Hadithi zilikuwa za kubuni, lakini hatari zake ulizitoa kwenye chupa zako za vipimo: taka za viwanda, dawa za mashambani, sabuni mitoni. Jumapili ulitembea ukingoni mwa mto, na ukirudi ulivua buti nje ya mlango, Mama asije akafagia mara mbili.

Hadithi yako ya mto uliojaa povu ilionyeshwa mara moja tu, mwaka 1971. Baadaye studio iliifuta ili kanda itumike tena, kama walivyozoea siku zile. Mwaka huu watu wanaotafuta vipindi vilivyopotea walituandikia kuuliza kama uliacha chochote. Hilary akapanda darini, akakuta kanda ya sauti. Tukakumbuka: jioni ile uliweka maikrofoni mbele ya televisheni, ukarekodi.

Tulipoisikiliza, tulizisikia sauti zetu wenyewe.

“Baba, huo mto wako unataka kunyoa ndevu!” Huyo ni Clive, wakati huo ana miaka kumi na minne.

“Shemeji, ukitufungia kiwanda cha sabuni, sote tutahamia kula kwako.” Mjomba Stan.

“Wilf, samaki wenyewe wameshakufa. Njoo unywe chai.” Mama.

Hilary anacheka mpaka anakohoa.

Na wewe, kwa upole: “Jamani, kidogo tu. Inarekodi.”

Hatukunyamaza. Maneno ya mwisho ya mwanasayansi wa hadithi yako, yale uliyoyaandika upya mara tisa, yamefunikwa na vicheko vyetu. Hakuna nakala nyingine inayojulikana, na katika karatasi zako hatukuyaona.

Clive alitaka sauti zetu zikatwe. “Watu watatuonaje, Mama?”

“Watatuona tulivyokuwa,” Mama akamjibu. “Ukitukata sisi, mwanangu, unamkata na yeye. Iache.”

Basi tumeitoa kama ilivyo. Jumamosi itachezwa katika maktaba ya mji, na watakaokuja tunawaomba radhi mapema. Kelele zile ni zetu.

Baba, baada ya jioni ile tulikaa nawe miaka ishirini na mmoja. Kila siku ulikuwa pale, kiti kilekile, huna haraka, huna kinyongo. Yeyote kati yetu angeweza kukuuliza yule mwanasayansi alisema nini mwishoni. Ungetuambia kwa furaha.

Hakuna aliyekuuliza.

Unakumbukwa na mkeo Enid, wanao Clive na Hilary, na shemeji yako Stan. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.