Mafundo Mawili ya Gunia

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na nyumba yako? Wifi na watoto wazima? Mimi mzima, ila magoti yanadai kukaa na kazi inadai kusimama.

Leo wamebandika bango la utaratibu wako mpya hapa chumba cha kufulia cha hospitali. Eti kuanzia Jumatatu manesi waache kufunga mafundo kwenye magunia ya mashuka, wabandike lebo. Mwaka wa kumi na tisa huu, fundo moja ni damu, mawili ni sindano imepotelea ndani. Kwa mvuke huu, lebo gani itabaki? Sitaki. Nimewaambia manesi waendelee kufunga.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimia. Pole na magoti.

Nakuomba usinitie aibu. Nasimamia hospitali sita, kila moja na mafundo yake. Kwenu mawili ni sindano, kwingine mawili ni nguo za watoto. Mtu akihamishwa atajuaje? Utaratibu lazima uwe mmoja. Na wote ofisini wanajua wewe ni dada yangu. Ukigoma, barua ya onyo nitaisaini mimi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku safari hii si wazima wote.

Mama Pacha, ninayesimama naye mashine moja, amechomwa juzi na sindano iliyopotelea guniani. Gunia halikuwa na fundo, maana nesi aliyelijaza ni mgeni, kafuata bango lako. Lebo tuliikuta sakafuni imelowa, maandishi yameenda na maji. Sasa anameza dawa mwezi mzima akisubiri vipimo, na pacha wake bado wananyonya. Nimelia, kisha nimekasirika.

Siku hiyo hiyo nikaletewa barua yako ya onyo. Sahihi naijua, mkono huo niliushika mimi ulipojifunza kuandika. Nakurudishia, nimeifunga kwenye kipande cha shuka. Nifukuzeni. Hadi siku hiyo nafunga, na wageni nawafundisha kufunga. Maji nimeshayavulia nguo.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama Pacha anaendeleaje? Mwambie nimekosa.

Kifurushi kilifika tukiwa kikaoni. Nilinyoosha mkono, nikaona mafundo mawili, mkono ukarudi wenyewe. Nikaomba glovu. Walicheka, nikawaeleza yaliyompata Mama Pacha. Mkurugenzi akauliza maana hiyo ya mafundo imeandikwa wapi. Nikamsogezea kifurushi.

"Haijaandikwa popote," nikamwambia. "Fungua basi."

Hakukigusa.

Nikakifungua mwenyewe kwa glovu, na barua yako ya onyo nimeichana mbele yao. Huenda nami naandikiwa yangu, waandike. Jumatatu nakuja na wasimamizi wa kufulia wa hospitali zote sita, mtufundishe mafundo ya aina moja. Bango libandueni leo. Na kiti cha mbele mwekeeni Mama Pacha. Aseme yeye kwanza, mimi nisikilize.

Mdogo wako