Siku Tisa Ndani ya Kontena

Jumanne, 4 Machi

Tumehama! Saa nane mchana mfumo wa kliniki ya figo umetoka kwenye ile seva kuukuu iliyokuwa ikikoroma chini ya meza ya mapokezi, ukaingia kwenye kontena mbili: moja ya programu, moja ya hifadhidata. Nilikuwa nimeomba tuzime kwa saa nzima. Tumezima dakika kumi na saba tu!

Mama kauliza mezani: kontena zile za melini? Nilicheka hadi nikapaliwa. Nikamweleza: ni kama kisanduku, Mama. Programu imo ndani pamoja na kila inachohitaji. Ukitaka kuiboresha unatupa kisanduku kizima na kuunda kingine, dakika moja. "Na habari za wagonjwa nazo mnazitupa?" Hapana. Majina, uzito, dawa — hivyo vinakaa kwenye diski iliyo nje ya kisanduku. Akasema haya, mradi mnajua mlikoviweka.

Sista Miwani, mkuu wa wauguzi kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu, ndiye aliyenijaribia kila ukurasa. Anabonyeza "hifadhi" mara mbili mbili. Nikamwambia mara moja inatosha. Akasema ya kwanza ni ya mashine, ya pili ni ya roho yangu.

Imebaki kitu kimoja: ile ratiba ya kutoa nakala kila siku bado inanakili seva ya zamani. Bosi, mwenye kampuni yetu ndogo ya programu, kasema itasubiri. Nimeiandika kwenye orodha.

Alhamisi, 6 Machi

Kila kitu kinakwenda kama maji. Kurasa zinafunguka kabla hujapepesa jicho. Bosi kanisifu mbele ya ofisi nzima, kaniita injinia. Nimetembea hadi nyumbani huku nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi, 13 Machi

Toleo jipya limeingia. Saa tisa alasiri, wagonjwa wa leo wakiwa wameshaondoka, nimeondoa kontena za zamani na kuunda mpya. Nikafagia na mabaki yote, maana diski ilikuwa inajaa. Zimewaka mara moja, bila kosa hata moja.

Saa kumi mapokezi wakapiga: hawaoni uzito wa wagonjwa wa asubuhi. Bosi ndiye aliyepokea. Akawaambia wafungue ukurasa upya, kesho tutaangalia. Nami nikaenda zangu nyumbani, fundi bomba alikuwa ananisubiri.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika kliniki saa moja na nusu kuangalia habari ya ule uzito. Sijakaa hata kitini — kelele chumba cha mashine. Mbio. Kitanda cha magurudumu kikanipita na kuniparuza goti. Juu yake Mwalimu, yule mstaafu wa hisabati anayekaa kiti cha dirishani na kujaza mafumbo ya gazeti kwa wino, hataki penseli. Uso umevimba. Midomo ya bluu. Daktari anakimbia ubavuni huku anamkandamiza kifua!

Kumbe juzi Jumatano ile dawa ya kuzuia damu isigande ilimletea vipele na kumbana pumzi. Sista Miwani alimwahi, akambadilishia, akaandika onyo kwenye mfumo kwa maandishi mekundu: ASIPEWE TENA. Leo Sista alikuwa mapumzikoni. Muuguzi wa zamu kaangalia skrini kama anavyotakiwa. Hakuna wekundu wowote. Akampa.

Wamemrudisha. Yuko chumba cha mahututi, mashine inampumulia.

Sista alikuja mbio kutoka kwake, na gauni la nyumbani, kandambili miguuni. Mganga mkuu akamuuliza mbele ya watu wote: uliandika wapi? "Niliandika! Kwa mkono wangu huu! Nikahifadhi mara mbili!" Mganga akamgeuzia skrini. Patupu. Sista akanitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, hebu waambie."

Nikasema nitaangalia.

Basi. Ndilo neno pekee lililonitoka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeona. Mungu wangu, nimeona.

Herufi moja. Kwenye mstari unaoiunganisha hifadhidata na diski ya nje, nimekosea herufi moja ya jina la folda. Diski ya nje iko pale pale, safi, haijawahi kuandikwa hata neno. Kwa siku tisa kila kitu kiliandikwa upande wa ndani. Juzi nilipotupa kisanduku, nilitupa na vilivyomo. Tena nikafagia, kwa mkono wangu!

Na mbona haikulalamika? Kwa sababu yangu pia. Nilikuwa nimeiagiza: ukijikuta mtupu, jipakie data za siku ya kuhama. Ikatii. Ikarudi tarehe nne Machi, ikakaa kimya. Mfumo mzima, mzuri, unaowaka — ila umesahau siku tisa.

Nikakimbilia nakala. Za siku zile zipo zote tisa! Nilishusha pumzi. Nikafungua ya kwanza. Nikafungua ya tisa. Zote sawasawa, hadi nukta ya mwisho. Zilikuwa zinanakili seva ya zamani kila siku, seva ambayo hakuna mtu anayeiandikia tena.

Nilijifungia chooni. Mama kagonga mlango, kauliza nimekula nini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Bosi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alisimama, akafunga mlango taratibu, akauliza nani mwingine anajua.

Hakuna.

Basi akakaa, akaanza kuandika. Sikuamini macho yangu! Taarifa kwa kliniki: rekodi za uzito zimechelewa kuonekana kwa sababu ya uboreshaji, zitarudishwa hatua kwa hatua. Maonyo ya dawa yanahifadhiwa sehemu nyingine na hayakuguswa.

Nikamwambia hakuna sehemu nyingine. Kila kitu kilikuwa kisanduku kimoja.

"Wao wanajua hilo?"

Nikamwambia Sista amesimamishwa kazi tangu Ijumaa, anatuhumiwa kutoandika. Akasema inasikitisha. Akasema tuko watu kumi na mmoja hapa, wote wana familia. Akanisogezea karatasi nitie sahihi kama mtaalamu. Nilipokaa tu bila kuigusa, akasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ile ile aliyoniitia injinia: "Ule mstari hakuuandika mtu mwingine. Uliuandika wewe."

Nimefanya kazi na mtu huyu miaka sita. Alikuja msibani kwa baba, akabeba viti.

Sikutia sahihi. Sikukataa pia. Nimesema nipe hadi Jumatano. Hiyo ndiyo jeuri yangu yote.

Mwalimu bado hajafumbua macho.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa ananyoosha nguo. Aliendelea kunyoosha hadi mwisho wa hadithi, shati moja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kisha akachomoa pasi.

Nilitaka aniambie ni bahati mbaya. Kwamba kila mtu hukosea. Hata ile "pole mwanangu" tu ingenitosha!

Akauliza, "Huyo mwenye miwani anajua kuwa hakukosea?"

Hajui.

"Ana siku ngapi hajui?"

Tano na leo.

Akakunja shati, akaondoka chumbani.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la mapokezi, kliniki. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Asubuhi nilikwenda kwa Sista Miwani. Nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Alifungua mwenyewe. Amekonda! Siku tano tu. Kabla sijafungua mdomo akaniambia: nimekaa nafikiri, mwanangu, labda kweli sikuandika. Labda nilidhani nimeandika. Umri huu.

Nilipiga magoti pale pale kizingitini. Nikasema yote. Herufi, kisanduku, kufagia, nakala tisa, karatasi ya Bosi. Nikasema uliandika, Sista. Uliandika, mimi nikakufutia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Kwa matusi. Hata kwa msamaha, nakiri, nilikuwa nimeufikiria njiani.

Yeye alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasema:

"Na wengine?"

Wengine gani?

"Wewe! Siku tisa siyo Mwalimu peke yake! Tangu Ijumaa wanasafishwa damu kwa maagizo gani?"

Sikuwa nimefikiri. Naapa sikuwa nimefikiri! Siku tano nimelia juu ya jina langu, juu ya Bosi, juu ya Sista — na muda wote huo watu mia na kumi na wawili wanapanda vitini asubuhi kwa uzito wa zamani, dozi za zamani, ratiba ya zamani. Nilikuwa na ufunguo wa jambo hilo mfukoni, nikaenda nao kulala.

Sista alishavaa viatu. Hakubadilisha gauni.

Tuliingia ofisi ya mganga mkuu bila kubisha. Nikarudia yote, mara hii nikiwa nimesimama. Alisikiliza. Rangi ya uso ikambadilika, sijapata kuona. Hakunitukana. Alimwambia Sista maneno mawili tu, nisamehe sana, kisha akatoka mbio kwenda chumba cha mashine akipaza sauti kwamba hakuna dawa inayoingia kwa mtu yeyote hadi mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza.

Simu yangu inaita. Bosi. Mara ya nne. Nimeigeuza kifudifudi.

Saa nne na robo

Sista kakaa na daftari, anatoa kichwani. Siku tisa zote! Huyu wa kiti cha tatu alipunguziwa maji, huyu mama mnene alibadilishiwa dozi, yule kinyozi aliambiwa aache vidonge vya presha. Anataja, mimi napiga simu. Wanapokea. Nawauliza hali. Mmoja kavimba miguu tangu Jumatatu, kadhani ni viatu. Mmoja kizunguzungu. Tumewaambia waje sasa hivi. Kinyozi kanicheka, kasema mbona una sauti ya msiba, dada, mimi mzima. Nilimpenda mtu huyo kwa moyo wote.

Kumi na sita. Kumi na saba. Wote waliobadilishiwa maagizo siku zile wamepatikana. Nikaanza kupumua.

Saa tano kasoro robo

Sista akasimamisha kalamu.

Akasema kuna yule mgeni. Binti mshona viatu. Aliandikishwa Ijumaa tarehe saba, akapangiwa Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Alisafishwa mara tatu. Mpole, ana mtoto mgongoni.

Nikatafuta jina. Mfumo haumjui. Bila shaka haumjui! Tarehe saba imo ndani ya zile tisa. Siyo kwamba onyo lake limefutika, au uzito wake — amefutika yeye mzima.

Nikaangalia Jumamosi: kiti chake kiko wazi. Jana: wazi. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyejua kuna wa kuulizwa.

Tukamwita dada wa mapokezi. Sista akamwelezea, mtoto mgongoni, mkono una alama za gundi. Yule dada akatabasamu, anamkumbuka vizuri. Alikuja Jumamosi asubuhi, akasema. Alikuwa wa kwanza mlangoni. Anasimulia: nikatafuta jina kwenye ratiba, halipo. Binti akasema lakini mimi ni wa leo. Nikamwonyesha skrini, nikamwambia dada yangu, angalia mwenyewe, hupo. Akaangalia. Akasema sawa, labda nimekosea siku.

"Nikamwambia aende nyumbani apumzike, tutampigia."

Mara ya mwisho kusafishwa ni Alhamisi tarehe kumi na tatu, asubuhi. Leo ni siku ya sita. Nimemuuliza Sista mtu anaweza kukaa siku ngapi bila kusafishwa. Ameshatoka getini na kandambili za mtu, maana kiatu chake kimekatika ngazini, anauliza kila anayepita ni wapi hapa karibu wanashona viatu.

Dada wa mapokezi amesimama mbele yangu na mkonga wa simu mkononi. Hatabasamu tena. Ananiuliza: nimpigie kwa namba gani?