Bunduki ya Babu Haiuzwi

Mama, mkate wa mahindi uko kwenye oveni, uutoe ukianza kuwa mwekundu.

Baba, asubuhi uliposema, "Dola ishirini na tano kwa saa, kutoboa karatasi kwa risasi tu! Bunduki ya babu yako naiuza, mnunuzi anakuja leo jioni," niliendelea kuosha vikombe. Sasa najibu: usiiuze. Babu ndiye aliyenifundisha kulenga.

Nimekwenda kwenye uwanja wa shabaha. Mwanachama anayejitolea Jumamosi moja halipi ada ya uwanja mwezi mzima, basi leo napaka rangi mbao za shabaha na kufagia maganda ya risasi. Wewe cheka tu.

Ufunguo wa kabati la bunduki nimeuchukua. ~~Samahani.~~ Nitaurudisha ukishampigia yule mnunuzi simu umwambie asije.

Binti yenu,
Maribeth