Ufunguo Uko kwa Shemeji

Chumba cha nyuma ya gereji,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Kaka,

Kabla ya salamu, jua kwamba unaandikiwa na dereva ambaye mwenzake hajazaliwa. Mimi nikibadili gia, pikipiki yenyewe haina habari. Haya, hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, isipokuwa Bibi, ambaye nyonga inamsumbua tangu aanguke, na mimi, ninayeumwa na maneno yako.

Maana ulipiga simu ukaamuru ninyang'anywe ufunguo apewe shemeji, ati mwendo wangu ndio uliomwangusha Bibi. Mkeo! Mtu ambaye hata baiskeli alikuwa akiikokota. Asante sana. Ng'ombe nimefuga mimi, maziwa kanywa mwingine.

Na nani anamfundisha? Si mimi huyu huyu mbaya wenu! Siku ya kwanza aliachia klachi kama anatupa kaa la moto. Pikipiki ikaruka kama chura, ikazima. Nikamwambia, "Shemeji, klachi haitupwi, inabembelezwa. Ikianza kushika tulia hapo hapo, ongeza mafuta kidogo, ndipo uiachie yote."

Akanijibu, "Kumbe kubembeleza unajua? Mbona mchumba alikukimbia?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Fundi akadondosha spana.

Mkeo ana ulimi, lakini masikio pia anayo. Sasa kwenye mteremko anapangua gia, injini imzuie, na breki anazishika zote mbili taratibu. Kona anaipunguzia mwendo kabla hajaiingia. Juzi kampeleka Bibi zahanati, Bibi akarudi anasema kabebwa kama yai. Mimi niliyemfundisha nikabaki kupangusa tope kwenye matairi. Hata pole sikuambiwa.

Msalimie mjomba mlinzi, mwambie masharubu yake bado tunayacheka. Mabinti zake nao wasalimie, hasa yule mdogo mwenye kiburi. Mungu akukinge na misumeno ya hapo kiwandani, urudi na vidole vyako vyote.

Hili la mwisho usimsomee mtu. Nyumbani nilisema Bibi aliangushwa na shimo, na Bibi mwenyewe akaitikia, "Shimo kubwa kweli." Kaka, hapakuwa na shimo. Kwenye njia panda palikuwa na vijana nisiowajua. Nikavuta mafuta, nikaachia klachi ghafla makusudi, tairi la mbele liinuke wanione. Wakapiga kelele, nikadhani wananishangilia. Nikaendelea na safari, namsimulia Bibi habari zako, nacheka peke yangu, mpaka langoni pa zahanati. Nikageuka nimshushe. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.